Rudia, Sijasikia Vizuri

Gari bovu likifikishwa gereji hunyamaza. Kila aliyewahi kuifanya kazi hii atakuapia. Mtu anatoka nalo mji wa Katy linakwaruza njia nzima, redio kaizima, dua zote kazimaliza, akiingia tu kwenye uwanja wetu linatulia, kama jino linavyoacha kuuma ukishakaa kwenye kiti cha daktari. Mwenye gari anatahayari, anaapa kwamba hakuota. Wengine walijaribu kurekodi kwa simu, lakini kwenye rekodi kila gari lilisikika kama mvua juu ya bati. Kwa hiyo tuliwaambia wateja wasimame pembeni mwa barabara mlio ukiwa bado mbichi masikioni, watupigie simu na wauigize kwa mdomo. Simu hizo nilizipokea mimi.

Mume wangu hakupenda simu. Mikono yake ilikuwa na oili tangu asubuhi, na tena alikuwa mtu wa maneno machache. Tulifungua gereji yetu Stafford, kando ya Houston, mwaka 2017, nyuma ya safu ya maghala, milango miwili ya kuingizia magari na kiofisi kimoja chenye kiyoyozi kinachovuja. Mwaka ule ule Houston ikafurika, na kazi yetu kubwa ya kwanza ikawa magari yaliyokunywa maji. Yeye alikuwa fundi tangu ujana wake Muheza, na hapa Texas alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye gereji za watu. Mimi nilikuwa nimechoka kuinua wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, mgongo umeshaanza kunisema. Nikachukua kaunta, simu na ugomvi wa bei. Yeye akachukua kila kilichokuwa chini ya boneti.

Miaka ile ndiyo ninayoitamani mpaka leo. Nikisema hivyo watu wanadhani naitamani gereji. Gereji ipo, asubuhi ya leo nimeifungua mwenyewe. Ninayemtamani ni yule mwanamume aliyekuwa chini ya gari.

Nieleze namna tulivyofanya kazi. Simu inalia, namsikia Mkongo mmoja wa Fort Worth aliyekuja Houston kumtembelea dada yake: "Mama, motoka yangu iko nalia. Inafanya ta-ta-ta-ta, kisha inafanya fuuu." Au mhasibu wa Kitanzania, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, ananipigia kutoka maegesho ya ofisi yake, kwa sauti ya chini ili wenzake wasimsikie: "Dada, inasema hivi: mweee, mweee." Namwambia aongeze sauti. Anaangalia huku na huku, nahisi tu kwamba anaangalia, halafu analia kama mbuzi wa sikukuu. Wateja Wazungu walikuwa na haya. Walisema "kuna kelele mbele" na wakaishia hapo. Watu wetu waliigiza kwa mwili mzima, na ungeweza kusikia hata mikono yao ikipiga usukani.

Basi nausikiliza mlio, naufunga kichwani, natoka ofisini bila kuzungumza na mtu ili usinipotee, nafika kwenye gari alilolala chini yake mume wangu na kusema: "Corolla, ta-ta-ta-ta, fuuu." Spana inasimama. Halafu maswali yake, ambayo hayakubadilika hata siku moja: likiwa baridi au likiwa moto? Taratibu au kasi? Kwenye kona au moja kwa moja? Namjibu. Anakaa kimya. Kisha anasema, "Rudia, sijasikia vizuri."

Narudia. Mwanamke mzima, mama wa binti anayesoma chuo Dallas, nimesimama katikati ya gereji nafanya ta-ta-ta-ta, fuuu. Wakati mwingine aliniambia nirudie mara ya tatu, nikaudhika, nikamwambia atoke akanunue masikio. Hapo ndipo anapojivuta kutoka chini ya gari, uso umepakaa grisi, anatamka ugonjwa: beringi, mkanda, bomba la moshi limetoboka. Hakukosea mara nyingi.

Tulikuwa na fundi wa pili, mwanamume wa makamo kutoka Honduras, mpole, mwenye Kiingereza cha kutosha na Kiswahili cha maneno mawili matatu. Siku moja, nimetoka kurudia mlio mpaka koo limekauka, alinifuata ofisini kuchukua maji akacheka. Akaniambia kwamba mume wangu huwa ameshajua tangu mara ya kwanza. Alikuwa akimwona kila mara pale chini, ameshika spana ile ile anayoitaka tayari, anatabasamu huku mimi najitesa. "Anapenda tu kukusikia," alisema.

Sikumwambia mume wangu kwamba nimejua. Niliendelea kuudhika kama kawaida, kwa sauti kubwa zaidi, na nikaanza kuongeza madoido kwenye milio. Mlio mmoja wa giaboksi niliufanya na mabega kabisa. Nilikuwa na furaha sana siku zile, na nilikuwa najua kwamba nina furaha, jambo ambalo si kila mtu hupewa.

Kuhusu bei, yeye alikuwa hafai kitu. Mtu akimwita "kaka" mara moja, nusu ya bei imekwenda. Akimwita "kaka yangu", anamfanyia bure na kumsindikiza mpaka barabarani. Ndiyo maana nilipiga marufuku mteja kuzungumza naye bei, na wateja wakanipachika cheo cha waziri wa fedha. Mzungu ukimtajia bei anaitikia au anaondoka. Mtu wetu ukimtajia bei anaona umemsalimia, naye anaitikia salamu. Kwa hiyo kwa Mzungu nilitaja bei yenyewe, na kwa ndugu zetu niliipandisha kidogo ili nipate pa kushukia. Tunabishana, ananikumbusha kwamba sote tumetoka mbali, namkumbusha kwamba kodi ya ghala haikutoka mbali, ananiuliza kama kweli nina moyo, nashuka kidogo, anashukuru, tunaulizana habari za nyumbani. Bila ubishi huo angeondoka na gari zima na moyo mzito, kama mgeni ambaye hakukaribishwa hata maji.

Mbishi kuliko wote alikuwa nesi mmoja wa Kikenya aliyeishi Katy. Alikuwa na Camry ya zamani aliyoiendesha kila siku mpaka hospitalini katikati ya jiji na kurudi, na gari lile lilikuwa na kila ugonjwa aliokuwa nao mtu mzima.

"Dada, usinifinye," angeanza kabla hata sijataja bei. "Nimetoka night shift, nime-drive hapa na macho imefunga. Nipee bei ya binadamu."

"Hiyo ndiyo ya binadamu."

"Kwani binadamu gani? Na fundi amemaliza haraka hivyo. Unani-charge masaa mawili na hata chai yangu haijapoa."

"Ungependa achelewe?"

"Ningependa achelewe ama bei iharakishe kushuka."

Nilimpenda, ingawa nilikuwa nikimwona anaegesha nasema "yule amekuja" na kujipanga nyuma ya kaunta kama golikipa. Hakuondoka hata mara moja bila kupunguziwa, na akifika mlangoni hugeuka: "Msalimie fundi. Mwambie bibi yake ni mkali."

Mwanzoni mwa 2020 mama mkwe wangu akaanguka uani kwake Muheza na nyonga ikavunjika. Mume wangu alikuwa mtoto pekee wa kiume aliyebaki. Nilimkatia tiketi mimi, nikampakia dawa, nguo za mama na kanga mbili, nikampeleka uwanja wa ndege. Njiani alisikiliza gari letu wenyewe akasema shokapu ya nyuma imeanza kulegea, tutaiangalia akirudi. Wiki chache, alisema. Nilimwamini, na nadhani hata yeye alijiamini.

Kisha ugonjwa ukaingia duniani na ndege zikasimama. Gereji haikufungwa, kwa sababu manesi na madereva wa malori walihitaji magari kuliko wakati wowote. Kila mteja aliyeingia, amejifunga barakoa mpaka chini ya macho, aliniuliza swali moja: "Fundi anarudi lini?" Nami nilijibu, "Karibuni." Nilipokuwa nalijibu hilo nilikuwa nimeshika kitu, kalamu au funguo za mtu, na nilikuwa nikikibana.

Tukabuni njia mpya ya kazi. Mteja ananipigia mlio, mimi nampigia mume wangu. Asubuhi yetu ni alasiri yao, kwa hiyo nilimkuta ameshamlisha mama, amekaa barazani. Nafanya mlio kwenye simu, anauliza maswali yake matatu, na kutoka upande wa pili wa dunia inakuja sauti yake: "Rudia, sijasikia vizuri." Narudia. Nilikuwa nageukia ukutani fundi wa Honduras asione uso wangu. Akishatamka ugonjwa, namwelekeza yule bwana, naye anafungua na kukuta kweli. Siku nyingine hakukuwa na gari lolote lililolia, nikatunga mlio wangu mwenyewe nikampigia. Aliuliza maswali yake yote matatu, akasema gari la namna hiyo halijatengenezwa bado, tukacheka mpaka mama mkwe akauliza kuna nini.

Ndege zikaanza kuruka tena. Mama mkwe akapata nafuu. Nilizungumza naye mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa natembea. Jana nimefika dukani na fimbo yangu, nikarudi na sukari."

Nilifurahi, Mungu anajua nilifurahi. Nilikwenda kununua shuka mpya za kitanda siku ile ile. Lakini mume wangu hakuzungumzia tiketi. Nilimuuliza, akasema mama bado hajakaa sawa. Nikamuuliza tena baada ya muda, akasema mvua, barabara, tungoje kidogo. Binti yetu alizungumza naye kwa video kutoka Dallas, kisha akanipigia. Nilimuuliza anamwonaje baba yake. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba anaonekana ana raha. Alilisema kama habari njema, mtoto wa watu, na mimi nikaipokea kama habari njema.

Sijui ni siku gani hasa alipoacha kuniambia nirudie. Nilikuja kugundua baadaye, kama unavyogundua kwamba jirani hapigi tena redio. Nafanya mlio, anajibu papo hapo: "Beringi." Nafanya mwingine: "Plagi, abadili zote." Hata maswali matatu aliyapunguza. Mteja angesema huo ndio ufundi. Mimi nilikata simu nikabaki nimeishika, na mlio bado umejaa mdomoni.

Halafu kuna asubuhi nilipompigia kuhusu lori dogo la Mmeksiko mmoja. Kabla sijaanza, nilisikia nyuma yake kitu kinawaka. Du-du-du-du-du, kwa mwendo wa kasi, kinapanda, kinapanda, kisha kinakata na kutoa pumzi ndefu: tsssss.

Mtu mwingine angedhani ni mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitatu ukuta mmoja na mashine ile. Ni kompresa, ya kujazia upepo na kuendeshea spana za hewa. Haibebwi mkononi, haiazimwi kwa jirani, na mtu hainunui ili akae wiki mbili. Unaitafutia chumba, unaivutia umeme, unaijengea jukwaa la saruji isitembee. Mkanda wake ulikuwa mpya. Mkanda mpya hulegea na kulia kidogo kwa juu kabla haujazoea. Alinifundisha mwenyewe.

"Hiyo kompresa ni ya nani?" nikamuuliza.

Alikaa kimya, lakini si kile kimya chake cha kutafuta ugonjwa. Hicho nilikijua.

"Yangu," akasema.

"Umeifunga wapi?"

"Hapa uani. Pale palipokuwa na banda la kuku."

"Una mafundi?"

"Wawili."

Nilimwambia mkanda umelegea, aukaze. Akasema ameusikia, ataukaza. Kisha akaanza kusema, mtu yule asiye na maneno, akasema mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mkupuo mmoja. Kwamba pale akiamka anajua anakokwenda. Kwamba watu wanakaa naye wakati anafanya kazi, wanamletea kahawa, wanabishana juu ya kila boliti. Kwamba Texas alikuwa anasikia magari tu. Kwamba hakupanga, kwamba kila wiki alitaka kuniambia. Mwishoni akasema, "Njoo na wewe." Alilisema kama mtu aliyekaa kwenye sinia la chakula anavyomwambia mpita njia karibu. Ni adabu, na anayepita anajua kujibu: asante, nimeshiba.

"Binti yetu yuko huku," nikasema. "Na gereji."

"Najua," akasema.

Nilikasirika. Sitaki kujifanya kwamba nilielewa kwa upole, kama wake wa kwenye mahubiri. Nilikasirika mpaka nikatoka nje nikakaa kwenye gari letu na madirisha yamefungwa. Kilichoniuma si kwamba alipenda kwao. Mimi pia kwetu napapenda. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimejifunza kusikia kwake, na kitu cha kwanza kikubwa nilichokisikia peke yangu kilikuwa hicho. Yule fundi wa Honduras alikuja akagonga kioo, akaniuliza lori la Mmeksiko lina nini. Nilimwambia ni plagi, nikiwa sijamuuliza mtu. Zilikuwa plagi.

Kuanzia hapo sikupiga tena simu Muheza kuhusu gari. Tulizungumza habari za mama, habari za binti, nani amefariki, nani ameoa. Wateja waliponiuliza fundi anarudi lini, niliendelea kusema "karibuni", mpaka neno likachakaa na mmoja baada ya mwingine wakaacha kuniuliza. Watu wetu huku hawafikii hata kijiji kimoja cha kwetu, na habari hazihitaji visa. Sikumwambia mtu, lakini walijua.

Mwishoni mwa mwaka ule nesi wa Katy akanipigia. Alikuwa amesimama pembeni mwa barabara kuu, nilisikia malori yakimpita.

"Dada, Camry imeanza tena. Inafanya hivi: wuuu-wuuu-wuuu, na niki-speed inazidi, nikikata kona ya left inapungua."

Niliujua mara moja. Beringi ya gurudumu la mbele, na kwa namna mlio ulivyopungua kwenye kona hiyo, ya kushoto. Nilikuwa tayari nimeinua kalamu. Lakini mdomo wangu ukasema wenyewe: "Rudia, sijasikia vizuri."

Akarudia. Nikafumba macho. Nikamwambia arudie mara nyingine, na yule mwanamke mwenye haraka kuliko wote niliowahi kuwahudumia, aliyetoka zamu ya usiku, akasimama pale pembeni mwa barabara akanifanyia wuuu-wuuu tena, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Hapo nikamwelewa mume wangu, na nikamtamani.

Alileta gari. Fundi wa Honduras akafungua gurudumu la kushoto, akainua kidole gumba juu. Wakati beringi inabadilishwa, nesi alikaa kwenye kiti cha plastiki akanywa chai yangu. Aliniuliza habari za binti. Aliniambia mgongo wangu nisiuache hivi hivi, akanionyesha namna ya kujinyoosha. Hakuniuliza fundi anarudi lini.

Kazi ilipokwisha nilijipanga nyuma ya kaunta kama siku zote, nikavuta pumzi, nikamtajia bei. Ile niliyoipandisha, yenye nafasi ya kushukia. Nikangoja aseme usinifinye.

Alifungua pochi akatoa kadi akaiweka mbele yangu.

"Hutaniomba nipunguze?" nikamuuliza.

"Leo hapana, dada," akasema, na hakunitazama usoni.

Nilikata hela yote. Alinishika mkono juu ya kaunta, akatoka, na mlangoni hakugeuka kumtumia mtu salamu. Camry ikaondoka bila mlio wowote. Nilitaka nikimbie nikaligonge dirisha lake, nimwambie arudi ndani tuanze upya, kwamba bei ile haikuwa ya kulipwa.